Masurufu ya Safari za Wenzangu

Mnakuja kwangu mmoja mmoja, na wote mnaanza namna moja. "Shikamoo, Bi Mize. Nnasafiri." Marahaba, nawaitikia, na hapo hapo roho inanichoma. Miaka mingi nimelificha jambo hili kwa tabasamu na kikombe cha kahawa. Sasa mikono inatetemeka, kazi nimeiacha, na sina mteja wa kumpoteza, kwa hiyo nasema wazi: nawaonea wivu. Nimemwonea wivu kila aliyetoka mlangoni kwangu hapa Malindi, Unguja, na kikapu nilichokijaza mimi. Nilikuwa nikishamfungia kamba za mwisho namwombea Mungu amfikishe salama, na dua yenyewe naisoma huku nimenuna.

Kazi yangu ilikuwa kupika masurufu, chakula cha msafiri: cha kula njiani, na cha kumshika miezi ya mwanzo huko aendako. Nimewapikia waliokwenda Makka kusoma, waliohamia Maskati kwa jamaa zao, waliokwenda Bombay kujifunza kazi, na wachache waliofika hata Ulaya. Mimi mwenyewe safari yangu ya mbali kuliko zote ni Uroa, juu ya punda, kwenda kuhani msiba. Nilirudi siku ya tatu, na wiki nzima sikuweza kukaa sawasawa.

Ananiandikia haya mwalimu wa chuo cha Kurani, jirani yangu, maana mimi kusoma nilifundishwa, kuandika hapana. Nimemwambia asinipambe. Nikisema nilinuna, aandike nilinuna.

Tuanze na achari, kwa sababu ndiyo iliyoniaibisha kwanza. Alikuja kijana mmoja anakwenda Makka kusoma fikihi, mpole, macho chini. Nikamtengenezea chupa mbili za achari ya ndimu, nikazijaza mpaka shingoni, nikaziziba kwa nta barabara. Nilijiona fundi kweli. Zile ndimu zilikuwa bado zinachemka humo ndani, na joto la Bahari ya Sham likazizidishia. Chupa zikapasuka ndani ya sanduku lake la vitabu. Aliniandikia kwa adabu kubwa, hakunilaumu hata kidogo, ila akasema kila akifungua kitabu chake kwenye mlango wa twahara mate yanamtoka, na wanafunzi wenzake wanagombea kukaa karibu naye darasani. Tangu siku hiyo achari yangu hukaa juani siku saba kwanza, mdomo umefunikwa kitambaa tu, itoe pumzi zake zote. Kisha naijaza chupa robo tatu, si zaidi. Ukiletewa na mtu chupa iliyojaa pomoni, mshukuru, halafu imwage kiasi kabla hujapanda meli.

Samaki mkavu mpe kikapu chake peke yake. Hili nalisema na watu hawanisikii. Kijana mmoja alikwenda Ulaya kuwafundisha wazungu Kiswahili, na ng'onda wake akawatia katikati ya makoti mapya ili wasivunjike. Mwanamke mwenye nyumba aliyofikia alifungua madirisha yote wakati wa baridi kali, akamwita mtu aje atafute panya aliyekufa ukutani. Kijana alikaa kimya kitandani, amejifunika, anamtazama yule mtu anagonga ukuta chumba kizima. Mpaka anahama nyumba ile hakusema neno.

Na visheti. Nyote mnaniambia, "Bi Mize, ntavila kidogo kidogo mpaka mwezi wa tatu." Msinidanganye. Visheti vyote nilivyowahi kupika viliisha kabla meli haijafika Mombasa. Basi viweke juu, uvile, ufurahi, lakini siku ya kwanza mgawie jirani yako pale sitahani, juu ya meli. Siku ya tatu utakuwa unatapika, huwezi hata kuinuka, na yule uliyempa visheti ndiye atakayekuletea maji. Asiyempa mtu kitu hutapika peke yake. Nimeelezwa hivyo na watu wengi mno, na wote walikuwa wamekwenda.

Kazi hii nilifundishwa na Bi Kidawa, mwanamke mfupi, mkali, aliyekuwa akipikia majumba makubwa ya mjini. Alikuwa anaonja mchuzi amefumba macho, na ukimsemesha wakati huo anakupiga na mwiko bila kuyafumbua. Tulikuwa wanafunzi wake wawili tu, mimi na Zuhura. Siri zake nyingi alikufa nazo, lakini moja alitupa sisi wawili, na akatuapisha tusimpe mwingine: chumvi ya achari hukaangwa kwanza. Unaitia kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, unaikoroga mpaka inaacha kualika, ile kupasukapasuka kwake, kisha unaiacha ipoe. Chumvi huwa na maji ndani yake hata ukiiona kavu. Achari ya chumvi mbichi huota ukungu mwezi wa pili. Ya Bi Kidawa ilikuwa inakwenda Bombay ikarudi, na ukiifungua bado inakukunja uso.

Leo nimewapa siri hiyo bure, na mwalimu ameinua kalamu ananitazama. Andika, mwalimu.

Zuhura alikuwa rika langu. Mrefu, mcheshi, mvivu wa kusaga, na akikaa mahali watu hujikusanya. Mimi nilikuwa nikipika vizuri kuliko yeye, na hilo lilijulikana. Sasa tajiri mmoja wa Kihindi aliamua kuhama na watu wake kurudi Bombay. Watoto wake walizaliwa hapa Unguja na hawakutaka chakula kingine ila cha hapa, kwa hiyo mkewe akamwomba Bi Kidawa ampe mmoja wetu awe mpishi wake huko. Mimi nilikwenda nyumbani nikaanza kukunja nguo zangu. Sikuwa na shaka hata chembe.

Alichaguliwa Zuhura.

Nilimfuata Bi Kidawa jikoni, nikamwuliza kwa nini. Alikuwa anapembua mchele, na hakuinua kichwa.

"Weye wapika vizuri kuliko Zuhura," alisema. "Lakini Zuhura akiharibu hucheka, akapika tena. Weye ukiharibu hununa siku tatu. Huko ugenini nani atakaa kukubembeleza?"

Ushauri bora kuliko wote niliowahi kuusikia juu ya kuhama nchi ni huo, na niliuchukia miaka ishirini. Nauweka hapa mbele yenu kwa sababu sijapata mwingine unaoufikia. Kabla hujaniuliza uchukue nini, jiulize ukiunguza wali utafanya nini. Kama utacheka, nenda. Kama utanuna, jifunze kwanza kucheka, ndipo ukate tikiti.

Masurufu ya Zuhura niliyafunga mimi. Nilipika kwa ustadi wote, kwa roho mbaya, ili kila akila akumbuke nani alikuwa anastahili kwenda. Forodhani alinikumbatia akalia. Nikamtakia safari njema kwa meno tu.

Nikabaki na kazi, na kazi ikakua. Zamani tulifunga kila kitu kwa vikapu na mitungi, na nusu yake ilifika vigae. Halafu yakaja madebe. Nilipata fundi wa bati hapo Darajani, nikimpelekea debe la samli au la nyama iliyokaushwa anatia lehemu pande zote, hata sisimizi hapati pa kupita. Nilijivunia madebe yangu kama mtu anavyojivunia watoto. Na kila aliyekwenda nilimtaka jambo moja tu, aniandikie. Yote ninayoyajua juu ya nchi za watu nimeyapata kwenye barua za watu niliowaonea wivu. Kwamba nguo nzito ununue huko huko, kwa sababu mshoni wa Unguja akisikia baridi anafikiria mvua ya asubuhi. Kwamba mtu wa kwanza kukuchangamkia ukishuka bandarini umshukuru huku umeshika sanduku lako kwa mikono miwili. Kwamba siku ya Ijumaa uulize watu wa kwenu wanaswali wapi, uende hata kama umechoka. Kwamba usiseme kila saa "kwetu hatufanyi hivi", maana wenyeji watakuuliza mbona hukubaki huko kwenu. Na ukimwandikia mama yako usimwambie tu kuwa umekula. Mwambie umekula nini, nani kapika, na ulishiba au hukushiba.

Hili la mwisho ndilo lililonifikisha hapa.

Nilikuwa na mwana mmoja, Sefu. Baba yake alitutoka mapema, nikamlea kwa mwiko huo huo wa masurufu. Alipokuwa kijana akapata kazi kwenye kiwanda cha chapa hapa mjini, akaipenda mno, akirudi mikono imejaa wino mpaka viwiko. Mwenye kiwanda akamwona anafaa, akaamua kumpeleka Bombay miaka mitatu akajifunze mashine mpya. Mama wengine wakinipa pole. "Bahari kubwa ile, Bi Mize." "Maradhi ya huko, Bi Mize." Mimi sikuiogopa bahari wala maradhi. Niliogopa kwamba Bombay yupo Zuhura.

Nakumbuka nilikuwa natwanga bizari, Sefu amekaa kwenye kibao cha mbuzi, miguu mirefu imemzidi.

"Mama, nifundishe japo kupika wali."

"Mwanamme mzima, jikoni unatafuta nini?"

"Si unawafundisha wenzangu? Mwezi uliopita tu umemfundisha yule anokwenda Maskati."

"Yule hana mama wa kumpelekea chakula. Weye unaye. Kila meli n'takuletea."

Na kweli nilikuwa nawafundisha watoto wa wenzangu. Nawaketisha, nawashikisha mwiko, nawacheka. Wangu nilimnyima. Nilitaka akiona njaa anikumbuke mimi. Nilitaka akimaliza debe la mwisho alishike lile debe tupu, atamani kurudi. Mtu akishajua kujipikia, niliona, ana haja gani ya mama?

Halafu nikamwapisha. "Huko yupo mtu anaitwa Zuhura. Nyumbani kwake usikanyage. Usile kwake, hata maji usinywe."

"Kwani kakukosea nini?"

"Kakwenda," nikamjibu.

Alicheka, akadhani natania. Alipoona sitanii akaapa.

Hakuna msafiri aliyefungiwa kama Sefu. Madebe manne, vikapu vitatu. Na humo ndimo nilimofanya kosa ambalo ningemkaripia mwanafunzi yeyote kama angelifanya. Sefu alikuwa anafika Bombay wakati wa mvua zao kubwa, na nilijua. Barua kadhaa ziliniambia kuwa mvua zile zinaingia mpaka ndani ya mto wa kulalia. Anayefika msimu huo mpe mchele mkavu, dengu, bizari na chumvi, umpe na sufuria, apike cha leo ale leo. Wengine wote niliwapa hivyo. Lakini vitu vikavu vinataka mpishi, na mpishi sikutaka awe yeye. Nikampa vilivyoiva: nyama ndani ya samli, mikate, samaki wa kukaanga, vileja tele. Debe likishafunguliwa tu, ile hewa ya maji inaingia. Nilijua, nikalitia lehemu nikalipeleka.

Barua yake ya kwanza ilichelewa sana. Ilipofika ilikuwa fupi. "Mama, nimefika, chakula kilikuwa kizuri sana." Nikaisoma kwa jirani zangu wote, na wale waliokuwa wameisikia nikawasomea tena. Kila meli nikawa namkabidhi baharia mmoja kifurushi, na Sefu akijibu, Mama ahsante, Mama kimefika, Mama tumekula tukashiba. Sikujiuliza hiyo "tumekula" ni yeye na nani.

Mwaka wa pili akaniandikia hivi: wenzake kazini wameipenda achari ya ndimu, je, nitampa namna ya kuitengeneza? Nilikaa na barua ile siku mbili. Kumkatalia nilishindwa, kumpa sikutaka. Nikamwita mwalimu huyu huyu, nikamwandikisha. Ndimu kiasi fulani, zikatwe nne, bizari, pilipili, jua siku saba. Chumvi nikaitaja, kukaanga sikukutaja.

"Ndiyo yote?" mwalimu akaniuliza.

"Ndiyo yote."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Mwezi wa pili itaota ukungu, ataitupa, ataomba ya mama. Wapishi tunafanyiana hivyo siku zote, mtu akikuomba namna ya kupika unampa yote kasoro moja. Lakini kumfanyia mwanao wa kumzaa, hapo nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mwingine.

Jibu lilikuja baada ya miezi kadhaa. Nililisoma nimesimama mlangoni. "Mama, achari imetoka kama yako hasa, na mpaka leo haijaharibika. Chumvi niliikaanga mpaka ikaacha kualika, nikaingoja ipoe."

Nililisoma tena, polepole. Waliokuwa wakilijua jambo lile duniani walikuwa watu watatu. Bi Kidawa alikuwa kaburini. Mimi nilikuwa Malindi.

Nilikwenda nikakaa jikoni, na moto nikauacha uzimike. Sikumbuki kukasirika namna ile kabla yake wala baada yake. Mwanangu kala kiapo, kisha kala kwa Zuhura. Safari yangu aliichukua, na sasa mtoto. Nikaona kila kifurushi nilichokipeleka kimefunguliwa juu ya mkeka wake, anakionja, anatikisa kichwa, anamwambia Sefu, "Hapa mamako kazidisha pilipili." Mwaka na zaidi nilikuwa nampikia Zuhura!

Sikumpelekea tena kitu. Barua zake nilizisoma, sikuzijibu. Watu wakiniuliza Sefu hajambo, najibu hajambo, ana mama wawili. Wakidhani natania, wanacheka, nami nacheka nao. Mwaka mzima ukapita hivyo, na sikuwahi kupika vizuri kama mwaka ule. Madebe ya watoto wa wenzangu yaliondoka hapa yananukia mtaa mzima.

Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kufagia ua, nikasikia, "Hodi! Hodi wenyewe!" Sauti niliijua kabla sijainua uso.

Alikuwa kanenepa, nywele nyeupe zimetokeza pembeni mwa mtandio, na kicheko ni kile kile. Yule mke wa tajiri aliyempeleka Bombay amefariki, akaona aje kuwatazama jamaa zake waliobaki. Sikumwambia karibu. Alikaa hivyo hivyo, juu ya mkeka wangu, akanyoosha miguu.

"Mize, mtoto anaandika hujibu. Ana nini cha kufanywa hivyo?"

"Mtoto gani? Wako?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Yeye hakuja kwangu," alisema. "Mie nlimwendea. Mwezi wake wa kwanza ule. Jirani yake mmoja kanambia kuna kijana wa Unguja anaharisha, hajiwezi, na hapana anayeelewa anachosema. Nkenda. Mize, nkakikuta chakula chako ndani ya madebe kimeota ukungu hivi, na yeye alikuwa anakwangua juu anakula, anaona haya kukitupa. Chakula cha mama, anasema. Kilipokwisha hakujua hata kuchemsha mchele."

Nikauinua ufagio wangu, nikauegemeza ukutani.

"Nkamwambia nyanyuka twende kwangu. Akakataa. Yu kufani, midomo imepasuka, ananambia, 'Bi Zuhura, n'samehe, siwezi kula kwako, nimemwapia mama.' Ah! Nkataka kumpiga. Basi nkamwambia vizuri, kwangu hutokula. Nkarudi nyumbani, nkachukua jiko langu na makaa, nkapanda nalo ngazi mpaka chumbani mwake. Nkampikia pale pale. Kwangu hakula, Mize. Kiapo chako hakukivunja."

"Siku ngapi?"

"Tisa. Alipopata nguvu nkamfundisha, apike mwenyewe. Sasa anapika, mashaallah."

"Mbona hakunambia?"

"Kanikataza nisikwambie. Kasema, mama akijua kuwa ni chakula chake kilichonilaza, hatopika tena."

Wasafiri watarajiwa, mmenisikia? Mtoto wangu alilala na homa, tumbo linamkata, anawaza namna ya kuulinda mwiko wangu. Na mimi mwaka mzima nilimnyima hata salamu. Mtu mwenye roho safi hapo angeuangukia mguu wa Zuhura akaubusu. Mimi nilimwuliza swali jingine.

"Ulimpikia nini?"

"Uji wa mchele. Na tangawizi kidogo."

"Kijiko alishika mwenyewe?"

Akanitazama. Nadhani alielewa, maana alijibu taratibu sana.

"Siku za mwanzo hakuweza. Nlimlisha."

Nikainuka, nikasema nakwenda kutia kahawa. Jikoni nikalia mpaka nikauma kanga. Na kwa kuwa nimeahidi kusema wazi, nitasema nililia nini. Sikulia kwa sababu mwanangu alikaribia kufa. Hilo nililitetemekea baadaye, siku nyingi, na mpaka leo likinijia hushika ukuta. Pale jikoni nilikuwa namlilia Zuhura na kijiko chake. Bombay nilikuwa nimeshamwachia. Siku zile tisa sikuweza kumwachia. Mwanangu, mdomo wazi, anangoja, na mkono unaokuja si wangu, na aliyefanya usiwe wangu ni mimi mwenyewe.

Nilirudi na kahawa. Tukanywa. Neno ahsante lilinitoka Zuhura akiwa ameshavaa viatu vyake mlangoni, na lilitoka dogo. Alilipokea kama lilivyo. Alasiri ile ile nikamwita mwalimu tukaandika barua ndefu, na safari hii nilisema chumvi ikaangwe, ingawa alikuwa anajua. Zuhura alirudi Bombay, akafia huko kabla Sefu hajarudi, na Sefu ndiye aliyemzika.

Kwa hiyo sasa mtu akija kwangu na orodha yake ya vitu, nguo hizi, madebe yale, naiweka pembeni. Namwambia akae hapa jikoni, na sufuria hii, mchele huu, maji yale, apike uji. Wanaume wananuna. "Bi Mize, mie nimekuja kutaka ushauri." Huo ndio ushauri. Ukijua kupika uji utaweza kujiuguza mwenyewe, na utaweza kumwuguza mwenzio aliyeshuka meli juzi, hana mtu, na mama yake yuko mbali anajivuna kwa jirani. Mama zenu wakija kulalamika kuwa nawafundisha wanaume kazi za wanawake, nawakaribisha, nawapa kahawa, na nawasikiliza mpaka wanamaliza. Najua wanachokiogopa. Kisha nawafundisha watoto wao.

Sefu alirudi, ana kiwanda chake kidogo cha chapa hapa hapa mjini, ana mke mwema. Habari za homa ile hatukuwahi kuzizungumza. Mwezi uliopita niliugua mimi, homa ya kunilaza kabisa, na mkewe alikuwa kwao, amejifungua. Nikasikia mtu anagonganisha vyombo jikoni kwangu. Akaja na bakuli, akakaa kando ya kitanda, mwanamme mwenye mvi, ana wino kwenye kucha. Akapuliza kijiko, akanisogezea.

Uji wa mchele, una tangawizi kidogo. Sijawahi kuupika uji namna ile maishani mwangu, na ulikuwa mzuri kuliko wangu.

"Nani kakufundisha?" nikamwuliza, kana kwamba sijui.

"Fungua mdomo, mama," akasema.

Nikafungua.